Mikutano ya Kimataifa ya Sayansi na Urani ya Shinkolobwe (1860–1959)

0. UTANGULIZI

Wahenga walisema: asiyekuwapo na lake halipo. Methali hiyo husemwa hasa barazani, pale shauri linapokatwa na mwenye shauri hayupo. Mtu asiyehudhuria hana wa kumsemea, na haki yake hupotea pamoja na sauti yake. Katika historia ya mikutano ya kimataifa ya sayansi kuna mfano mmoja unaoigeuza methali hiyo. Kwa muda wa miongo kadhaa mali ya Katanga ilikuwapo katika maabara na kumbi za wataalamu wa Ulaya: ilipimwa, ilijadiliwa na kupewa majina. Aliyekosekana ni Mkatanga mwenyewe. Lake lilikuwapo, yeye hakuwapo.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi hali hiyo ilivyotokea na jinsi ilivyoanza kubadilika. Yatapitia mkutano wa wanakemia wa Karlsruhe wa mwaka 1860, mikutano miwili ya Bruxelles ya mwaka 1911 na 1933, na ule wa Genève wa mwaka 1955 pamoja na uliouandama mwaka 1958. Kwa kila mkutano kuna maswali matatu ya kuuliza: nani aliitwa, watu walizungumza kwa lugha gani, na nini kilibaki baada ya wajumbe kutawanyika. Mkutano wa kimataifa wa sayansi hapa una maana ya kusanyiko la wataalamu wa nchi mbalimbali, lililoitishwa kwa tarehe maalumu, ili kupima hali ya elimu fulani na kutazama inakoelekea.

1. KARLSRUHE, 1860: MKUTANO JUU YA MANENO

Katikati ya karne ya 19 wanakemia wa Ulaya walikuwa kama wafanyabiashara wa soko moja wasiokubaliana juu ya vipimo. Neno «atomi» lilikuwa na maana hii kwa mmoja na maana nyingine kwa mwenziwe. Neno «molekuli» vilevile. Maji, ambayo leo kila mwanafunzi wa sekondari anajua kuyaandika H₂O, wengine waliyaandika HO. Kuhusu asidi ya siki, Mjerumani August Kekulé aliweza kuorodhesha, katika kitabu chake cha mwaka 1861, fomyula 19 tofauti zilizokuwa zikitumiwa kwa kitu hicho kimoja.

Kekulé, pamoja na Adolphe Wurtz wa Paris na Karl Weltzien wa Karlsruhe, waliona kwamba hali hiyo haiwezi kuendelea. Waliwaandikia wanakemia wa Ulaya waraka wa kuwaita, na kuanzia tarehe 3 hadi 5 Septemba 1860 watu wapatao 140 walikusanyika mjini Karlsruhe. Huo huhesabiwa kuwa ndio mkutano wa kwanza mkubwa wa kimataifa wa wanakemia. Yafaa kusisitiza jambo moja ambalo huwapita wengi: mkutano huo haukuitishwa ili kutangaza uvumbuzi mpya wala kuonyesha mashine. Uliitishwa ili kufafanua istilahi. Wajumbe waliulizwa: atomi ni nini, molekuli ni nini, na alama zipi zitumike katika maandishi ya kemia? Kwa mwanaisimu, swali hilo si geni hata kidogo.

Kwa upande wa maazimio, mavuno ya Karlsruhe yalikuwa machache. Wajumbe walielekea kukubali kwamba atomi na molekuli ni vitu viwili tofauti, lakini hawakuafikiana juu ya uzani wa atomi. Jambo kubwa lilitokea pembeni. Mwitalia Stanislao Cannizzaro, aliyekuwa akifundisha Genova, alikuwa ameandika mwaka 1858 kijitabu cha kueleza jinsi uzani wa atomi unavyoweza kupatikana kwa kufuata wazo lililotolewa na mwenzake Avogadro mwaka 1811 na kusahauliwa kwa karibu nusu karne. Mkutano ulipokuwa ukimalizika, rafiki yake Angelo Pavesi aligawa nakala za kijitabu hicho kwa wajumbe. Lothar Meyer, Mjerumani, alikisoma akashawishika kabisa. Dmitri Mendeleev, kijana wa Kirusi mwenye umri wa miaka 26, naye alikuwa ukumbini akamsikia Cannizzaro. Miaka tisa baadaye, mwaka 1869, Mendeleev alitoa jedwali lake la elementi, ambalo lisingewezekana bila uzani uliokubalika.

Basi Karlsruhe inafundisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba sayansi haiwezi kusonga mbele iwapo wenye kuizungumza hawana maneno ya pamoja. La pili ni kwamba faida ya mkutano haimo katika azimio peke yake. Imo pia katika karatasi ambayo mjumbe anarudi nayo kwao, ili mradi awe na uwezo wa kuisoma na kuifanyia kazi. Asiyekuwapo hakuipata karatasi ile, na aliyekuwapo bila maandalizi hakujua kilichomo.

2. BRUXELLES, 1911: MKUTANO WA WALIOALIKWA

Nusu karne baadaye taaluma iliyokuwa katika msukosuko ilikuwa fizikia. Max Planck alikuwa ametoa mwaka 1900 wazo kwamba nishati hutoka kwa vipande vipande, yaani kwa kwanta, wala si kwa mtiririko usiokatika. Wazo hilo lilipingana na misingi iliyofundishwa kwa vizazi vingi. Walther Nernst, mwanakemia wa Berlin, alimshauri tajiri wa Ubelgiji Ernest Solvay, aliyepata mali yake kwa kutengeneza magadi viwandani, agharimie kikao cha wataalamu wachache wa kulitazama jambo hilo kwa undani.

Kikao hicho kilifanyika Bruxelles, katika hoteli Métropole, kuanzia tarehe 30 Oktoba hadi 3 Novemba 1911. Waliohudhuria walikuwa watu wapatao 20 tu. Miongoni mwao walikuwamo Planck mwenyewe, Marie Curie, Henri Poincaré, Jean Perrin, Paul Langevin, Ernest Rutherford, na Albert Einstein aliyekuwa na umri wa miaka 32. Hakuna aliyeingia bila barua ya mwaliko. Picha iliyopigwa siku zile ina kisa chake: Solvay hakuwapo wakati wa kupigwa, na sura yake ikabandikwa baadaye mahali pa mwenyekiti wa karamu. Mwenye kugharimia alipata nafasi mezani hata pale ambapo mwili wake haukuwapo.

Kuhusu lugha, mwenyekiti alikuwa Mholanzi Hendrik Lorentz, ambaye alisifiwa na wote kwa kumudu Kifaransa, Kijerumani na Kiingereza. Aliweza kuchukua hoja ya mmoja, akaifupisha kwa lugha ya mwingine, na kuona ni wapi wawili wanapingana kweli na ni wapi wanatofautiana kwa maneno tu. Kazi ile ya mkalimani mwenye kuielewa sayansi ilikuwa nusu ya mafanikio ya kikao.

Mwaka uliofuata Solvay aliunda taasisi ya kudumu ya fizikia, na vikao vikaendelea kuitishwa baada ya kila miaka michache. Hata hivyo, mwaliko una upande wa pili. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, wataalamu wa Ujerumani hawakuitwa katika vikao vya mwaka 1921 na 1924, ingawa fizikia ya wakati ule isingeweza kuelezwa bila wao. Einstein peke yake alialikwa mwaka 1921, naye hakwenda. Wajerumani walirudi mwaka 1927. Kwa hiyo si kweli kwamba mlango wa mikutano ya sayansi hupimwa kwa elimu pekee. Siasa nayo hushika ufunguo.

3. MAWE YA KATANGA NA MAJINA YAKE

Wakati kikao cha kwanza cha Solvay kinafanyika, Kongo ilikuwa koloni la Ubelgiji kwa miaka mitatu. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilikuwa imeanza kuyeyusha shaba mjini Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, katika mwaka huohuo wa 1911. Mwaka 1915 Mwingereza Robert Sharp, aliyekuwa akiifanyia kampuni hiyo kazi ya kutafuta madini, aligundua mawe yenye urani huko Shinkolobwe, karibu na mji wa Likasi ulioitwa zamani Jadotville.

Wakati huo kilichotafutwa hakikuwa urani. Kilichotafutwa ni radiamu, elementi iliyovumbuliwa na Marie na Pierre Curie mwaka 1898, ambayo hupatikana kwa kiasi kidogo mno ndani ya mawe ya urani na ilitumiwa hasa katika kutibu saratani. Mwaka 1921 wanawake wa Marekani walimchangia Marie Curie gramu moja ya radiamu iliyogharimu dola 100 000. Mwaka 1922 kiwanda cha Olen, karibu na Antwerp, kilitoa radiamu ya kwanza kutokana na mawe ya Katanga. Mawe hayo yalikuwa na urani nyingi kupita yale ya Colorado kwa kiasi ambacho wazalishaji wa Marekani hawakuweza kushindana. Bei ilishuka, na Ubelgiji ikawa nchi ya kwanza duniani katika biashara ya radiamu.

Mawe ya Shinkolobwe yalikuwa pia hazina kwa wanamadini. Alfred Schoep, wa Chuo Kikuu cha Gent, alieleza kati ya mwaka 1921 na 1924 aina kadhaa za madini ambazo sayansi ilikuwa haijazijua. Kila aina mpya ilihitaji jina, na orodha ya majina hayo inastahili kuzingatiwa na kila mwanafunzi wa istilahi. Jiwe moja liliitwa kuriti, kwa heshima ya Pierre Curie. La pili bekereliti, kwa heshima ya Henri Becquerel. La tatu sodiiti, kwa heshima ya Frederick Soddy. La nne sklodovskiti, kwa jina la usichana la Marie Curie, aliyezaliwa Skłodowska. Baadaye, mwaka 1949, jiwe jingine la Katanga liliitwa senjieriti, kutokana na jina la Edgar Sengier, mkurugenzi wa Union Minière.

Katika kundi hilo kuna jina moja lenye asili ya mahali: kasoliti, la mwaka 1921, kutokana na Kasolo, jina la pale pale Shinkolobwe. Kwa njia hiyo neno moja la Katanga liliingia katika vitabu vya madini vya dunia nzima. Hakuna kosa katika kumheshimu Becquerel au Curie, maana ndio walioifungua elimu yenyewe. Lakini kutoa jina ni kazi ya mwandishi, na mwandishi hakuwa mchimbaji. Aliyeliinua jiwe kutoka ardhini kwa mikono yake alilijua kwa rangi na kwa uzito. Aliyelipa jina alikuwa mbali naye kwa safari ya majuma kadhaa ya reli na meli.

4. BRUXELLES, 1933, NA MIAKA YA UKIMYA

Kikao cha saba cha fizikia cha Solvay kilifanyika Bruxelles kuanzia tarehe 22 hadi 29 Oktoba 1933, chini ya uenyekiti wa Langevin. Mada ilikuwa kiini cha atomi. Mwaka mmoja kabla yake James Chadwick alikuwa amevumbua nyutroni, chembe isiyo na umeme ambayo huweza kuingia ndani ya kiini bila kusukumwa nje. Walikuwapo Rutherford, Bohr, Fermi, Heisenberg, Lise Meitner, na Marie Curie, ambaye alifariki mwaka uliofuata. Binti yake Irène na mkwewe Frédéric Joliot walitoa taarifa ya majaribio yao, na Meitner akaitilia shaka waziwazi. Wawili hao walirudi Paris wakiwa wamevunjika moyo. Wakayarudia majaribio yaleyale, na mnamo Januari 1934 wakagundua kwamba mtu anaweza kutengeneza elementi zenye kutoa mnururisho ambazo hazimo katika maumbile. Ukosoaji wa mkutanoni ulizaa uvumbuzi, na Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1935 ikawafuata.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda mbio. Mwishoni mwa mwaka 1938 Otto Hahn na Fritz Strassmann waligundua Berlin kwamba nyutroni hupasua kiini cha urani, na Meitner pamoja na mpwa wake Otto Frisch wakaeleza maana ya mpasuko huo. Urani, iliyokuwa makapi ya radiamu, ikageuka kuwa ndiyo mali yenyewe. Mnamo Mei 1939 Sengier alionywa mjini London na Henry Tizard kwamba mali iliyomo mikononi mwake inaweza kuwa ya hatari kubwa. Siku chache baadaye Joliot naye aliwasiliana naye kuhusu urani. Katika barua ya tarehe 2 Agosti 1939 iliyotiwa sahihi na Einstein na kupelekwa kwa Rais Roosevelt, Kongo ya Kibelgiji inatajwa kuwa chemchemi ya urani iliyo muhimu kuliko zote. Kabla ya hapo palikuwa na shauri la kumwandikia Malkia Elisabeth wa Ubelgiji, ambaye Einstein alifahamiana naye. Kwa hiyo Kongo ilizungumzwa kati ya Long Island, London, Paris na Bruxelles. Haikuzungumzwa Likasi.

Kikao cha Solvay kilichopangwa kufanyika Oktoba 1939 kilivunjwa na vita. Mlango wa mikutano ulifungwa na mahali pake pakashikwa na siri. Mwaka 1940 Sengier alipeleka New York takriban tani 1 200 za mawe ya Shinkolobwe, na mnamo Septemba 1942 jeshi la Marekani likazinunua. Mgodi, ambao ulikuwa umefungwa kabla ya vita na kujaa maji, ulifunguliwa tena. Sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na Marekani katika kutengeneza mabomu ya Agosti 1945 ilitoka Katanga. Mwezi Septemba 1944 Marekani, Uingereza na Ubelgiji zilikuwa zimetia sahihi mapatano ya siri juu ya urani hiyo, yaliyoiahidi Ubelgiji sehemu katika faida ya nishati ya atomi ya siku za mbele. Mwenye nchi hakuwa miongoni mwa waliotia sahihi.

5. GENÈVE, 1955: MLANGO UNAFUNGULIWA

Tarehe 8 Desemba 1953 Rais Eisenhower wa Marekani alilihutubia Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa akitaka atomi itumiwe kwa amani. Mwaka mmoja baadaye Baraza hilo liliamua kuitisha mkutano. Huo ulifanyika Genève, katika jumba la Umoja wa Mataifa, kuanzia tarehe 8 hadi 20 Agosti 1955. Nchi 73 ziliwakilishwa. Wajumbe walizidi 1 400 na taarifa za kisayansi zilizopokelewa zilizidi 1 000. Ukilinganisha na watu 20 wa hoteli Métropole, utaona kwamba mkutano wa kisayansi ulikuwa umebadilika sura. Hapo awali mtaalamu alialikwa kwa jina lake. Sasa aliletwa na serikali yake.

Rais wa mkutano alikuwa Mhindi Homi Bhabha. Jambo hilo si dogo. India ilikuwa imepata uhuru mwaka 1947 tu, na yeye alikuwa ameanzisha taasisi ya utafiti mjini Bombay mwaka 1945, kabla hata ya uhuru huo. Alipewa kiti kwa sababu nyuma yake palikuwa na maabara, wanafunzi na maandishi. Katika hotuba ya ufunguzi alibashiri kwamba njia ya kupata nishati kwa kuunganisha viini vya atomi itapatikana katika muda wa miaka 20. Miaka hiyo imepita zaidi ya mara tatu na umeme wa namna hiyo haujafika majumbani. Kubashiri mwelekeo wa sayansi ni kazi ngumu hata kwa aliye bingwa.

Mafanikio ya Genève yalikuwa mengi. Warusi na Wamarekani, waliokuwa wamefanya kazi kwa siri kwa zaidi ya miaka kumi, waliweka vipimo vyao vya urani upande kwa upande wakaona vinakubaliana. Wafaransa walifichua namna ya kuchuja plutoni. Wamarekani walileta kinu kidogo cha nyuklia kilichowekwa ndani ya birika la maji, kikafanya kazi mbele ya umma, na Uswisi ikakinunua baadaye. Taarifa zote zilichapwa katika juzuu 16.

Na Kongo je? Imo ndani ya juzuu hizo. Katika juzuu ya sita kuna taarifa ndefu ya J. J. Derriks na J. F. Vaes juu ya mgodi wa Shinkolobwe: tabaka za mawe, nyufa, aina za madini na mpangilio wake. Ni kazi ya kisayansi yenye thamani kubwa, na wanajiolojia wameirejea mara nyingi tangu wakati huo. Lakini haikuletwa chini ya jina la Kongo, kwa maana Kongo haikuwa na kiti. Koloni lilisemewa na Ubelgiji. Chuo Kikuu cha Lovanium kilikuwa na umri wa mwaka mmoja, na chuo kikuu cha Elisabethville kilifungua madarasa mwaka uliofuata.

Suala la lugha linazidi kuonyesha pengo lenyewe. Tafsiri ya papo kwa papo ilitolewa kwa Kiingereza, Kifaransa, Kirusi na Kihispania. Katika juzuu zile 16 mna kurasa nyingi zinazohusu athari ya mnururisho katika mwili wa kiumbe, pamoja na namna ya kuwakinga wafanyakazi. Elimu hiyo ilimhusu moja kwa moja mtu aliyebeba jiwe la Shinkolobwe begani. Lugha ya kazi migodini na kambini ilikuwa Kiswahili, na juzuu hizo hazikutolewa kwa Kiswahili. Waliokaa Genève walijua kwa undani jiwe lina nini. Aliyelala karibu nalo hakuandaliwa hata neno la kuitia hatari yenyewe.

6. KUTOKA GENÈVE HADI KINSHASA

Mkutano wa pili wa Genève ulifanyika kuanzia tarehe 1 hadi 13 Septemba 1958, chini ya urais wa Francis Perrin, mwana wa yule Jean Perrin aliyehudhuria kikao cha mwaka 1911. Uliupita ule wa kwanza kwa ukubwa na taarifa zake zilijaza juzuu 33. Humo kulionyeshwa kinu kidogo cha kufundishia kilichoitwa TRIGA, kilichotengenezwa Marekani kwa ajili ya vyuo vikuu.

Mwaka mmoja haukupita kabla ya kinu cha aina hiyo kuanza kazi Léopoldville, ambayo sasa ni Kinshasa, katika Chuo Kikuu cha Lovanium, mnamo Juni 1959. Kilikuwa na nguvu ya kilowati 50 na kiliitwa TRICO. Ndicho kinu cha kwanza cha nyuklia katika bara zima la Afrika. Aliyekipigania ni Monsinyori Luc Gillon, rekta wa chuo, padri aliyesomea fizikia. Mwaka 1972 kilifuatwa na cha pili, TRICO II, chenye nguvu ya kilowati 1 000, ambacho kilisimamishwa mwaka 2004. Kituo hicho kiliongozwa kwa miaka mingi na Profesa Malu wa Kalenga, Mkongomani, ambaye aliteuliwa pia kuwa mwanachama wa Akademia ya Kipapa ya Sayansi. Hapo methali ilianza kurudi katika mkondo wake. Mkongomani alikaa mezani akiwa na lake na akiwa na jina lake.

Shinkolobwe yenyewe ilikuwa na mwisho mwingine. Union Minière iliufunga mgodi mwaka 1960, kabla ya uhuru. Miaka mingi baadaye wachimbaji wadogo waliingia humo kutafuta kobalti. Serikali ilipiga marufuku uchimbaji huo mwaka 2004, na katika mwaka huohuo sehemu ya mgodi iliporomoka na kuua watu. Kati ya kinu cha Kinshasa na shimo la Shinkolobwe, elimu haikupata njia ya kupita kama ilivyopasa.

7. HITIMISHO

Ilielezwa hapo juu kwamba nchi huweza kuwapo mkutanoni kwa njia mbili: ama kama mwandishi, ama kama kitu kinachoandikwa. Katanga iliingia kwa njia ya pili. Njia ya kwanza haipatikani kwa tiketi ya ndege wala kwa mwaliko. Bhabha hakupewa urais kwa sababu India ilikuwa kubwa. Alikuwa na taasisi iliyofanya kazi miaka kumi kabla. Mendeleev hakupata faida Karlsruhe kwa kukaa ukumbini tu. Alikuwa tayari na swali ambalo kijitabu cha Cannizzaro kililijibu.

Wataalamu wa Kiswahili wana sababu ya pekee ya kuitafakari historia hii, maana lugha yao ilipitia jambo lililo sawa. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilikuwa ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Wasemaji wa Kiswahili wa Kongo hawakuwa na kiti, ingawa walikuwapo kwa wingi migodini na mijini. Kiswahili chao kilielezwa na wengine kwa muda mrefu kabla ya wao kukieleza wenyewe.

Hata hivyo kazi ya Karlsruhe, yaani ile ya kutafuta maneno, imeanza katika Kiswahili. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa mwaka 1990 kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba, huku Kifaransa kikiwa lugha rasmi. Kinachobaki ni matumizi. Mhadhiri anayerudi kutoka mkutano wa kimataifa huandika taarifa kwa Kifaransa, akaikabidhi kwa mkuu wa kitivo, ikawekwa kabatini. Iwapo mada yake ni vumbi la kobalti, maji ya mto au mnururisho wa mawe, taarifa hiyo ina msomaji mwingine ambaye hasomi Kifaransa cha vitabu na ambaye mwili wake ndio unaohusika. Kurasa mbili za Kiswahili chepesi, zenye istilahi zilizofafanuliwa, zingemfikia Likasi na Kolwezi.

Kazi hiyo haisubiri fedha za wafadhili wala barua ya mwaliko. Inawahitaji mwanasayansi na mwanaisimu wakae meza moja, kama Lorentz alivyokuwa wote wawili katika nafsi moja mwaka 1911. Mjumbe akienda mkutanoni na lake, kisha akarudi na la mkutano hadi kwa watu wake katika lugha yao, hapo ndipo itakapokuwa haki kusema kwamba Kongo ilikuwapo.